Mkono Uliopiga Chafya

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya majini, ni zamani ya juzijuzi tu, kulikuwa na kiwanda cha sabuni kule Korogwe. Kiwandani mlikuwa na mkono wa roboti, mkuukuu, wa chuma, kazi yake kunyanyua maboksi ya sabuni na kuyapanga. Na mkono huo uliitwa Salhina.

Mnacheka nini? Kiwanda kile kina ada yake. Mashine ikifa, jina lake linakwanguliwa. Anayeifufua ndiye anayeipa jina jipya, linaandikwa kwa rangi nyekundu, na hakuna wa kulipinga. Mashine ya kukorogea iliitwa Shemeji. Ya kukatia iliitwa Mama Mkwe, na aliyeiita hivyo alikuwa na sababu zake.

Sasa Salhina lilikuwa jina la mke wa Mzee Mbwana Shekalaghe, mwendeshaji wa ule mkono. Mzee alikuwa hatoki kiwandani, mpaka mkewe akawa analalamika kwamba ameletewa mke mwenza wa chuma. Basi Mzee alipomaliza kuufufua ule mkono, ulioletwa ukiwa mfu, na kuufundisha kazi, akauandika jina la mkewe. Nyumba ikatulia. Bi Salhina akatamba nalo sokoni, akatamba nalo harusini, akatamba nalo hata msibani.

Siku moja mkono ukafa tena. Chuma chenyewe kizima kabisa! Kilichokufa ni ubongo wake, lile kabati la kuongozea linalouambia nenda huku, rudi kule. Spea zake hazitengenezwi tena popote. Meneja Mbaruku akaagiza kabati jipya, akaita fundi kutoka Moshi, na papo hapo akalikwangua jina. Mzee Mbwana akabaki anapatazama palipokuwa na jina la mkewe.

"Akijua," alisema, "nitalala na kuku."

Fundi akaja, binti anaitwa Aikande. Akafungua, akachomoa, akaunga. Waya za zamani hazikulingana na kabati jipya, akazitafutia njia moja moja, jasho linamtoka. Mkono ukatikisika, ukaamka!

Ila ubongo mpya ulikuwa haujui hata boksi ni nini. Aikande akampa Mzee Mbwana rimoti ya kufundishia. Unausogeza mkono, unabonyeza kitufe, mkono unakumbuka. Unausogeza, unabonyeza, unakumbuka. Mzee akaufundisha taratibu, kwa uangalifu, kama mtu aliyekaa kupigwa picha. Nyanyua, geuka, shusha. Safi!

Mkanda ukawashwa. Loo! Mama Chausiku, mbandika lebo, akaibandika ya kwanza kwenye mkono, ya pili kwenye nguzo, ya tatu kwenye shati la meneja.

"Zima!" akafoka meneja. "Mama Chausiku, una nini leo?"

"Mimi sina kitu! Huo mkono wenu hausalimii!"

Maana zamani ule mkono, kila ukinyanyua boksi, ulikuwa unainama kidogo upande, kichwa chini, ndipo unageuka. Mzee Mbwana aliwaambia watu wote kwamba ameufundisha heshima. Meneja akawa anawaonyesha wageni. Na ukiinama tu, Mama Chausiku anabandika lebo. Hakuna aliyepanga hivyo, kazi ilijikuta imezoea.

"Hilo dogo," akasema Aikande, akaufundisha kusimama kidogo. Mkono ukasimama, lakini boksi likampa Mama Chausiku mgongo.

"Siyo hivyo, mwanangu," akasema Mama Chausiku. "Unainama upande, tena ghafla, kama mtu kashtuka."

Wakajaribu. Wakajaribu tena. Mzee Mbwana amechutama pembeni.

"Mzee," akasema Mama Chausiku, mikono kiunoni, "wewe ndiye uliyeufundisha. Hiyo heshima uliifanyaje?"

Mzee akakohoa. Akatazama dari.

"Haikuwa heshima. Nilikuwa na ugoro puani. Nikapiga chafya, mkono ukaenda, kidole kikabonyeza."

Watu walicheka mpaka Aikande akakaa sakafuni. Asiyecheka ni meneja peke yake, aliyekuwa akiwaonyesha wageni chafya.

"Basi nusa!" akasema Aikande, anafuta machozi.

Mzee akatoa kopo lake la ugoro. Tupu.

Na mlangoni nani huyo anaingia na hotpoti ya chakula? Bi Salhina! Mama Chausiku akavua kanga ya mabegani, akaitupa juu ya chuma palipokwanguliwa.

"Karibu, shoga!"

"Ahsante. Mbona mmemfunika mwenzangu?"

"Ana baridi."

Bi Salhina akaliona kopo tupu mkononi mwa mumewe, akafungua pindo la kanga yake, akatoa ugoro aliousaga mwenyewe asubuhi ile, mkali wa kufa mtu. Mzee akanusa, akashika rimoti. Chaaa! Mkono ukainama upande, kichwa chini. Mkanda ukawashwa. Pa! Lebo ikakaa. Pa! Na nyingine. Watu wakapiga vigelegele.

Meneja akaleta rangi nyekundu na brashi. "Haya, aliyeufufua ataje jina."

"Ni mimi," akasema Aikande. "Bila kabati nililofunga, mngekuwa mnapiga chafya mbele ya chuma baridi. Uitwe Ndeshi, jina la bibi yangu. Yeye peke yake ndiye aliyenitetea nisomee ufundi."

"Ni mimi," akasema Mama Chausiku. "Mlishaanza kupongezana! Nani alijua kuna kitu kimepungua? Uitwe Chausiku, jina la mwanangu. Nimesimama mbele ya mkono huu zaidi kuliko mbele ya mume wangu."

"Ni mimi," Mzee Mbwana akanong'ona. "Chafya ya zamani yangu, ya leo yangu. Jamani, nawaombeni, nyumbani kwangu mnakujua."

"Chafya ni kosa, Mzee!" akasema Aikande.

"Na kosa ndilo mlilokuwa mnalitafuta tangu asubuhi."

Bi Salhina akaweka hotpoti chini. "Jina? Jina gani tena?" Akaivuta ile kanga.

Bi Salhina akapapasa pale palipokwanguliwa, na ilimuuma kweli, kila mtu aliona. Mzee Mbwana akatamani ardhi impasukie.

"Ada ni ada," Bi Salhina akasema mwishowe. "Sitaki niandikwe kwa kuonewa huruma. Lakini na mimi ninadai. Chafya ni ya huyu, haya. Ugoro je, ni wa nani?"

Meneja amesimama, rangi ya brashi inamdondokea viatuni, na mpaka leo hajaandika. Je, nani alistahili? Semeni, nawasikiliza. Na wewe unayewahi kujibu, kama jina si Salhina, Mzee Mbwana leo atalala kwako?