Goti la Sekela

Mdomo hupona kabla ya mguu. Mnaisema kila mazoezi, mnachekeana nayo, na leo mmenirushia hata mimi nilipoinuka kitini nimejishika kiuno nikisema sijambo. Mkiulizwa imetoka wapi, mnatazamana. Haya, kaeni, na anayenyoosha misuli aendelee kunyoosha huku anasikiliza. Methali hii ilianzia Ipandisi, kijiji cha chai na migomba kule milima ya Rungwe, na chanzo chake si uongo wala ubishi. Chanzo chake ni adabu.

Ipandisi walikuwa na timu ya mpira wa pete, na timu ilikuwa na mfungaji mmoja tu, Sekela. Wengine walikuwa wanarusha na kumwomba Mungu. Mwalimu wao, Tumpe Mwaisaka, alikuwa amecheza mwenyewe ujanani, kisha akasomea ukocha mjini. Alijua kwamba baada ya mashindano ya tarafa yangekuja ya wilaya, na kwenye ya wilaya ndiko wangefika wateuzi wa timu ya mkoa. Sekela aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Mwalimu naye alimtakia, ila hakumwambia, maana mchezaji akisifiwa mapema huacha kukimbia.

Siku moja mazoezini, uwanja unateleza kwa mvua, Sekela aliruka kudaka mpira akatua vibaya, goti likajipinda. Mwalimu hakumruhusu hata kusimama. Alilifunga goti kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya mto, ambayo kule ni baridi kama barafu, akamwinulia mguu juu ya mabegi, kisha akatafuta watu wa kumbeba hadi zahanati. Mganga alisema kano ya goti imevutika, haijakatika. Apumzike, halafu aanze mazoezi polepole, na asirudi uwanjani mpaka aweze kuruka na kutua kwa mguu huo peke yake bila goti kuyumba. Mwalimu akapiga hesabu: ya tarafa atayakosa, ya wilaya atayawahi. Ulikuwa mpango mzuri. Ulisahau jambo moja tu, nalo ni watu.

Watu walikuja kutoa pole. Walikuja na ndizi, na maharage, na maziwa kwenye kibuyu. Kila mtu mzima alipoingia, Sekela alishuka kitini akachuchumaa kusalimu, kama msichana yeyote wa kule aliyelelewa. Akiulizwa hali, alijibu kama anavyojibu mtu yeyote mwenye adabu zake: amepona. Mgeni akafurahi, akaenda zake, na goti likavimba upya.

"Nilikwambia usilikunje goti," mwalimu akamwambia alipokuja kumtazama.

"Nimemsalimu bibi Anyosisye tu, mwalimu."

"Msalimie umekaa."

Mama yake Sekela akakohoa kule jikoni. Msichana amsalimu mtu mzima akiwa amekaa kitini, mguu ameunyoosha mbele kama chifu? Mwalimu mwenyewe aliona kwamba ameomba kitu kigumu.

"Basi ukiulizwa, sema bado unaumwa."

"Mtu ametoka kule bondeni na mkungu wa ndizi kichwani, mwalimu. Nimwambie naumwa? Ataona nadeka."

Mwalimu akashusha pumzi. Alikuwa akija kila asubuhi kumfundisha kukaza paja, kuinua mguu ulionyooka, kusimama kwa mguu mmoja ameshika ukuta. Alichokijenga asubuhi, wageni walikibomoa mchana. Akajaribu kukaa mlangoni awazuie. Wakadhani naye amekuja kutoa pole, wakaketi naye. Akamwomba mama awaambie binti amelala. Wakasema basi watamngoja aamke. Na kweli walimngoja. Kuna siku mwalimu alirudi nyumbani amekasirika hata akashindwa kula, na hakuwa na wa kumkasirikia, maana hakuna aliyekuwa amefanya baya.

Halafu akaja Mzee Mwakalobo, mwenyekiti wa kijiji na mlezi wa timu. Hakuwa mtu mbaya, hilo mlijue. Alileta kuku. Sekela akachuchumaa, jasho linamtoka, akatabasamu.

"Umepona, mwanangu?"

"Nimepona, tata," akajibu, kama wanavyomwita baba kule.

Mzee akatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye mkutano wa kijiji, akatangaza kwamba mfungaji wao amepona. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alipokanusha, walimwona mtu mwenye wivu.

Siku ya mechi ya tarafa, hadi mapumziko Ipandisi walikuwa wanafungwa. Mzee Mwakalobo akashuka uwanjani.

"Mwalimu, mwingize Sekela."

"Hajapona, mzee."

"Kaniambia mwenyewe amepona."

"Kakuambia kwa sababu wewe ni mzee. Ungemuuliza kama anaweza kuruka Mlima Rungwe, angekwambia anaweza." Watu wakaguna, mwalimu hakujali. "Sekela, simama. Ruka kwa mguu huo mmoja, utue hapa hapa. Ukitua vizuri, nakuvalisha jezi mwenyewe."

"Usimwaibishe mtoto wa watu mbele ya wageni," mzee akasema. Akamgeukia Sekela kwa upole, na upole ule ndio ulioharibu kila kitu. "Mwanangu, umepona, hujapona?"

Sekela alimtazama mwalimu, kisha akatazama chini.

"Nimepona, tata."

Vigelegele vikapigwa. Mwalimu alisema hapana, akarudia hapana, lakini jezi ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu na Sekela ameshavikwa. Aliingia, akafunga. Akafunga tena. Kisha mpira ukaja juu, akaruka, akatua kwa mguu ule ule, na waliokaa mbele wakasikia mlio.

Mzee Mwakalobo alikuwa wa kwanza kumfikia, kofia mkononi.

"Mwanangu, unaendeleaje?"

Sekela alikuwa amelala kwenye matope, goti limegeukia upande usio wake, machozi yanamwingia masikioni. Akajaribu kujiinua ili achuchumae.

"Sijambo, tata," akasema. "Nimepona."

Mwalimu Tumpe akamrudisha chini kwa mkono mmoja. Alikuwa amewachoka wote, na adabu yao ameichoka.

"Mmesikia?" akawaambia. "Mdomo hupona kabla ya mguu."

Safari hii kano ilikuwa imekatika. Mashindano ya wilaya yalipofika, wateuzi wa mkoa walikuja kama ilivyosemwa, wakamchukua mfungaji wa kijiji cha jirani, msichana ambaye Sekela alikuwa akimshinda kila mwaka. Sekela aliyatazama yote hayo kwenye benchi, magongo yamelazwa miguuni. Mzee Mwakalobo akaja akaketi karibu naye.

"Bado unaumwa, mwanangu?"

"Naumwa, tata," Sekela akasema bila kuinuka. "Naumwa sana."

Mzee akainamisha kichwa. Mwalimu, aliyekuwa nyuma yao, aligeuka pembeni asionekane uso. Neno lenyewe lilikuwa fupi namna ile, na lingesemwa kabla ya mechi ya tarafa, lingetosha.

Tangu hapo Ipandisi mgonjwa hachuchumai kwa mtu, hata kwa mwenyekiti, na mchezaji akisema yuko tayari hakuna anayemjibu. Wanamwonyesha mahali pa kuruka, wananyamaza, wanaangalia anavyotua. Mdomo hupona kabla ya mguu.