Ukuta Mweupe wa Nyamizi

Kaeni niwasimulie, na hasira yangu si kwenu.

Kijijini kwetu hakuna aliyepanda kabla mbayuwayu hawajarudi, maana mvua waliibeba mbawani. Viota vyao vilikuwa upenuni kwa Nyamizi. Mwaka mmoja alipaka ukuta chokaa, akaviangusha vyote kwa ufagio.

Mbayuwayu wakaja. “Nyumba yetu iko wapi?”

“Mnanichafulia ukuta.”

Wakazunguka, wakauliza tena. Akawatishia ufagio. Walipouliza mara ya tatu, akawarushia mawe.

“Basi baki na ukuta wako,” wakasema, wakaondoka na mvua yao.

Tulikula mbegu, kisha tukahama, na kwaheri hatukumpa.

Ukuta ule ni mweupe mpaka leo. Hakuna mvua ya kuuchafua, wala mtu wa kuusifu.