Nani Avue Sare ya Kidato cha Nne?

Nyamazeni kwanza. Mwenye neno alitunze, maana mwishoni nitalihitaji.

Walikuwako askari watatu waliokula kiapo na kukabidhiwa pingu, kisha wakaamriwa wavae soksi ndefu na sweta za shule. Kisa? Nyuso zao zilikuwa za watoto.

Nafuna alikuwa na kipawa cha kichwa. First Class ya hisabati, tena ya kuisotea, na picha yake akiwa na joho imetundikwa sebuleni kwa mama yake. Kichwa hicho alikizungusha ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ikamwuliza, "Experience?" kana kwamba experience inapimwa kwa kilo dukani. Akajiunga na polisi kwa hasira tu. Na polisi nao, baada ya kumfunza bunduki, wakamrudisha shule. Majirani wakiuliza binti yuko wapi siku hizi, mama yake hujibu, "Anasoma." Maskini, wala hadanganyi.

Kimanzi alikuwa na kipawa cha mdomo. Mweke kwenye foleni ya choo. Akifika mbele ana marafiki wapya, na mmoja ameshamwalika harusini.

Lemaiyan alikuwa na kipawa cha kuvumilia. Ungemkanyaga kwa trekta, angekuomba radhi kwa kukuchelewesha.

Watatu hawa wakapelekwa Shule ya Upili ya Kilima Kunguru, kidato cha nne, kumsaka mtu aliyekuwa akiuza karatasi za mtihani kabla ya siku yake. Inspekta Mwachofi, bosi wao, aliwaambia hivi:

"Case hii ikishika, mmoja wenu anavua uniform. Mmoja tu. Anakuja hapa ofisini, nguo za kiraia, kiti cha kuzunguka. Wawili waliobaki wana shule nyingine inawangoja."

"Kidato gani, afande?" Nafuna akauliza.

"Cha pili. Mtanyoa vizuri."

Nafuna alikuwa na miaka ishirini na saba, na hiyo ilikuwa shule yake ya tatu. Akaapa moyoni kwamba kiti kile ni chake, na anayekitaka apitie juu ya maiti yake.

Kazi ya Nafuna ilikuwa kufeli. Muuzaji hatafuti wenye akili. Hutafuta waliokata tamaa. Basi msichana aliyekuwa akiwafundisha wenzake chuoni akakaa nyuma ya darasa na kuandika upuuzi kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu wa hisabati, kijana mdogo kuliko yeye, mwenye kazi, mwenye mshahara, akamsimamisha mbele ya wote. "Huyu, hata ng'ombe angebahatisha jibu moja." Darasa likaangua kicheko. Kwenye ubao, nyuma ya kichwa cha mwalimu huyo, palikuwa na hesabu aliyoikosea yeye. Nafuna aliiona. Akaumeza ulimi. Jioni ile mvulana mwembamba aitwaye Otuoma akamsogelea: "Siz, wacha kulia. Hiyo ugonjwa iko na dawa." Nafuna asingefeli, mlango usingefunguka.

Kazi ya Kimanzi ilikuwa kupendwa. Otuoma alikuwa tarishi tu, na hakuwa akitaja bosi wake. Kimanzi akahamia kitanda cha juu yake, wakagawana sabuni, wakafuliana soksi, wakaitana bro. Akajua kwamba Otuoma hana baba, na kwamba karo yake imefumbiwa macho na mtu mkubwa pale shuleni ili awe anabeba na kunyamaza. Siku moja Otuoma akamwamini, akamnong'oneza: karatasi zinafichwa ndani ya godoro la sick bay, chumba cha wagonjwa, na mwenyewe ni naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Gichohi. Anayenunua huzichukua mkononi mwake, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kimanzi asingependwa, wasingejua wamkamate nani.

Kazi ya Lemaiyan? Huyo aliharibu, kisha akalipia. Ijumaa asubuhi, bendera ikipandishwa, wanafunzi wamelegea kama nguo kwenye kamba, mwili wa Lemaiyan ukamsaliti. Visigino paa! Kifua mbele, mkono wa kulia ukapaa hadi kwenye paji la uso. Saluti kamili, ya chuo cha polisi. Wavulana wakatazamana.

Kesho yake, Jumamosi ambayo Nafuna alipangiwa kwenda kununua, mara baada ya maharagwe, wavulana wale wakamburuta Lemaiyan nyuma ya sick bay.

"Wewe ni karao, polisi! Uko na nani hapa?"

"Nilikuwa skauti," akasema.

Wakamchapa kwa waya wa antena. Akasema skauti. Wakamchapa tena, sikio likatoa damu, na hadi leo halisikii. Skauti.

Nafuna alikuwa upande wa pili wa ukuta, amesimama kando ya kitanda kama mnunuzi, akimtabasamia Gichohi aliyekuwa akipasua godoro.

"Kelele gani hizo?" Gichohi akauliza.

"Wanamtia mgeni adabu, sir."

"Waache. Atakomaa."

Nafuna akacheka. Akachungulia dirishani, akaona waya ukipitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa Otuoma, na Otuoma akamnyooshea Kimanzi. "Bro, na wewe mguse, tujue uko upande gani."

Kimanzi akampiga. Si kwa kuigiza.

Lemaiyan angetaja jina moja, Gichohi angeruka ukuta. Hakutaja. Pingu za Nafuna zikamkuta naibu na karatasi mkononi.

Sasa wako kwa Inspekta, bado na sweta zao.

"Mlango niliufungua mimi," Nafuna akasema. "Bila mimi mngekuwa bado mnafua soksi."

"Wewe ulichekwa tu, madam. Kuchekwa hakutoi damu," Lemaiyan akajibu, akigeuza sikio lililo zima.

"Damu uliitafuta kwa saluti yako!" Kimanzi akafoka. "Jina nilileta mimi."

"Na waya je, aliushika nani?" Lemaiyan akauliza.

"Ningekataa tungekufa sote!"

"Ungepiga polepole, basi."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la korido alikaa Otuoma, amefungwa pingu, sweta yake sawa na zao. Alikuwa anamtazama Kimanzi peke yake.

"Bro," akaita, "jina lako ni nani hasa?"

Kimanzi mwenye mdomo akainama kufunga kamba ya kiatu.

Inspekta akatazama saa. "Nataka mmoja."

Mkono wa Nafuna ulikuwa tayari kwenye fundo la tai yake, asijue aivute itoke au aikaze.

Aliyeuza heshima yake, aliyeuza rafiki, aliyeuza sikio. Haya, mliokuwa na maneno: nani avue sare, na wawili gani warudi darasani? Na yule wa kwenye benchi, yeye mnampa nini?