Gobori la Mbwarali na Risasi za Bi Mwanashuru

Hapo zamani, zama ambazo kila mwanamume wa mji wa Kiungwi alikuwa na gobori lake kama kila mwanamke alivyokuwa na chungu chake, palikuwa na mtu fukara jina lake Mbwarali. Watu walimhesabu kuwa mjinga, kwa kuwa alikuwa akilichukua neno kama lilivyotamkwa. Tajiri mmoja alipata kumwambia, “Nilindie mchele huu uliopo uani, usije ukaliwa na kuku.” Tajiri aliporudi akakuta mkeka mtupu, na Mbwarali amejilaza kivulini, ameshiba. Alipoulizwa akajibu, “Bwana, naapa, kuku hakuonja hata punje.” Basi watu wakacheka, tajiri akakasirika, na jina la mjinga likamganda.

Sasa magobori hayo watu walikwenda nayo shamba, wakaenda nayo sokoni, na wakifika msikitini waliyaegemeza ukutani juu ya viatu vyao. Ikawa siku moja, katika harusi ya binti wa Waziri, watu wawili waligombania mnofu uliokaa katikati ya sinia ya pilau. Huyu akasema uko upande wangu, na yule akasema uko upande wangu, maneno yakapanda, na mmoja akanyakua gobori lake akafyatua. Aliyekusudiwa akainama. Risasi ikampita juu ya kichwa, ikaenda ikampata Mshangama, mpiga zumari, ambaye hakuwa na habari ya mnofu wala ya ugomvi. Akafa na zumari mkononi.

Mshangama alikuwa mwana wa pekee wa mjane aitwaye Bi Mwanashuru, tena Sultani Haidari alimpenda mno kwa ufundi wake. Basi Sultani alilia, na alipokwisha kulia akatoa amri: bunduki zote za raia ziletwe katika ghala lake, na baruti yote, na risasi zote. Zikaletwa. Wakabaki na silaha askari wake tu, nao walizitumia zaidi kwa kuegemea wakisinzia.

Muda haukuwa mrefu nguruwe wa porini wakatambua kuwa mambo yamebadilika. Kwanza walikuja usiku, kwa woga. Kisha wakaja alfajiri. Hatimaye wakawa wanakuja mchana kweupe, mama na watoto wake, wakifukua mihogo mbele ya mwenye shamba, naye akiwagongea debe na kuwatupia madongoa, nao wakimtazama tu kama mtu atazamavyo mgeni asiye na adabu. Shamba la Mbwarali lilikuwa pembezoni, karibu na pori, kwa hiyo ndilo lililoanza kuliwa na ndilo lililokwisha kwanza.

Mkewe, Mize, akamwambia, “Mume wangu, nguruwe wananenepa nasi tunakonda. Ikiendelea hivi, mwakani wao ndio watakaotulima.”

“Watu wamekwenda kwa Sultani kudai magobori yao,” akasema Mbwarali. “Na mimi nitakwenda nikasikilize.”

Alipofika barazani alikuta kelele tupu. Wakulima upande mmoja wakisema, “Maulana, mtu asiye na bunduki hana shamba, na asiye na shamba hana watoto.” Na upande wa pili wakasimama waliofiwa na waliojeruhiwa, wakisema, “Muhogo huota tena, Maulana. Mtu haoti.” Hawa wakipaza sauti, na wale wakizidi kupaza. Mbele kabisa alikuwapo Ngwali, jirani yake Mbwarali, mtu mwenye mashamba mapana na hasira fupi, akidai gobori lake kwa ukali kuliko wote. Na pembeni alikaa Bi Mwanashuru, kimya, amejitanda kaniki. Yeye hakusema lolote, na kwa kuwa hakusema, Sultani alikuwa akimtazama yeye.

Baraza hilo likawa la kila siku, na kila siku mwisho wake ni matusi, hata Sultani akachoka. Akapiga fimbo yake sakafuni, akasema, “Nyinyi mwaniambia bunduki huua nguruwe. Ni kweli. Na nyinyi mwaniambia huua watu. Nayo ni kweli. Bunduki ni kipofu, haimjui nguruwe wala haimjui mtu. Basi nileteeni bunduki iuayo nguruwe na isiyoua mtu, nami nitawarudishia zote. Asiyeweza na anyamaze. Lakini nasema hivi: atakayekuja kwangu na upuuzi, nitaijaribu bunduki yake juu ya mwili wake mwenyewe.”

Hapo ikasikika sauti kutoka nyuma, “Maulana, nipe gobori langu nikalifundishe.”

Watu wakageuka, wakamwona Mbwarali. Kicheko kikapita barazani. Sultani hakucheka. Akauliza, “Umelisikia sharti la mwisho?”

“Nimelisikia, Maulana. Nipe na baruti kidogo na risasi kidogo, kwani hafundishwi mwanafunzi bila vifaa vyake. Ijumaa nitalirejesha mbele yako, limekwisha kuelimika.”

Akapewa. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akijipapasa koo, kwa maana mjinga naye huijua thamani ya shingo yake. Hakuingia kwake. Alipita moja kwa moja hadi kwa Ngwali, akamkuta uani ananoa jembe.

“Bwana Ngwali,” akasema, “nitunzie baruti hii.”

Ngwali akautazama mfuko, akamtazama na mwenye mfuko. Hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa Mbwarali alipokula miche ya Ngwali. “Mji mzima huu,” akasema Ngwali, “umekosa wa kumpa ila mimi?”

“Nimetafuta mtu anichukiaye kuliko wote, nikakuona wewe. Ndiyo maana nimekuja kwako. Mimi nikiwa na hasira nawe, nitataka kukupiga risasi, lakini nitalazimika kwanza nije nikuombe baruti.”

Ngwali akawaza, na kadiri alivyowaza neno lile likampendeza. Akaupokea mfuko, akautundika darini.

Kutoka hapo Mbwarali akaenda kwa Bi Mwanashuru, na huku ndiko alikoogopa zaidi. Alimkuta amekaa kizingitini akichambua mchele. Akamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikiwa. Akakaa chini, akaziweka risasi mbele yake juu ya kipande cha nguo.

Bi Mwanashuru akaacha kuchambua. “Mwanangu Mbwarali,” akasema polepole, “umeniletea nyumbani kwangu kitu kilichomuua Mshangama?”

“Ndicho hicho, mama.”

“Watu husema wewe mjinga. Sikujua kuwa ni mkatili pia.”

Mbwarali akainamisha kichwa, machozi yakamlengalenga, akasema, “Mama, bunduki ya Kiungwi haina wa kuiuliza inakwenda wapi. Mwenye nayo akikasirika, mkono wake u karibu kuliko akili yake. Nimetafuta mtu wa kuuliza, ambaye hatalegea wala hatasahau. Mwingine ni nani ila wewe?”

Bi Mwanashuru akaendelea kuchambua mchele, na Mbwarali akangoja hadi ungo ukaisha. Ndipo yule mama akazichukua risasi moja moja, akazifunga pembeni mwa kaniki yake, akakaza fundo kwa meno. “Nenda,” akasema. “Na usimwambie mtu kuwa nimekubali. Bado sijajua kama nimekubali.”

Basi Ijumaa baada ya sala baraza likajaa, hata watoto wakapanda juu ya kuta. Mbwarali akapita katikati ya watu, akaliweka gobori miguuni pa Sultani.

“Limeelimika?” Sultani akauliza.

“Limeelimika, Maulana.”

“Litaua nguruwe?”

“Litaua.”

“Na mtu?”

“Halitamuua, maadamu watu wana akili zao.”

“Simama pale penye nguzo,” akasema Sultani, akalinyanyua gobori begani. Kwa kweli alikuwa amekasirika, kwani aliona kuwa masikini huyu amekuja kuichezea huzuni yake. Mbwarali akasimama penye nguzo, Mize akafunika uso. Sultani akafyatua. Likalia *ta*, basi.

“Hili halina baruti,” akasema Sultani.

“Naam, Maulana. Baruti iko kwa Bwana Ngwali.”

Ngwali, aliyekuwa mstari wa mbele, hakuhitaji kuitwa. Alikuwa amekuja na mfuko chini ya joho lake. Akautoa, akaimimina baruti ndani ya mtutu kwa ukarimu, tena akaongeza. Hapo Mbwarali akaikumbatia nguzo, kwani hakudhani Ngwali angekuwa mwepesi kiasi kile.

“Na risasi?” Sultani akauliza.

“Risasi ziko kwa Bi Mwanashuru.”

Yule mama akainuka pale pembeni, akaja taratibu kwa miguu yake mizito, akasimama mbele ya Sultani.

“Mama, nipe risasi moja,” akasema Sultani, na sauti yake ilikwisha kupungua.

“Unaitakia nini, Maulana?”

“Nimpige Mbwarali.”

“Amefanya nini?”

“Amesema bunduki hii haiui mtu. Nataka kujua kama ni kweli.”

Bi Mwanashuru akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepima bei ya kitu sokoni. “Mwanangu mimi alikufa kwa ajili ya mnofu,” akasema. “Na huyu afe kwa ajili ya swali?”

Sultani akasema, “Mama, mimi ni Sultani. Naweza kuitwaa.”

“Waweza. Waamuru askari wako waje walifungue fundo la mfiwa mbele ya watu hawa. Mimi sitapigana nao.”

Askari wakatazamana, kila mmoja akatumaini ataitwa mwenzake. Hakuitwa yeyote. Ngwali akajikohoza, akasogea hadi kwenye gobori, akaanza kuibembeleza baruti yake itoke, akisema kwa sauti ndogo, “Nilitia nyingi mno. Naona nilitia nyingi mno.” Na Sultani, alipotaka kuirejea hasira yake, aliitafuta asiione. Muda wote ule wa kumimina baruti, kumngoja mama, kuuliza na kuulizwa, ilikuwa imekwisha kupoa kama uji uliosahauliwa mekoni.

Wakiwa katika hali hiyo akaingia mtunza bustani wa Sultani, anahema. “Maulana, nguruwe wameingia katika miwa yako. Kundi zima. Yuko dume mmoja mkubwa, nimemfukuza kwa fimbo, ameila fimbo.”

Sultani akageuka. “Mama,” akasema, “nipe risasi.”

“Unaitakia nini, Maulana?”

“Nguruwe.”

Bi Mwanashuru akaling'ata fundo, akalifungua, akampa, wala hakuongeza neno. Ngwali akairudisha baruti aliyokuwa ameitoa. Mbwarali akalitwaa gobori lake, akaipokea risasi, akashindilia, wakatoka mbio wote watatu, hata yule mama kwa miguu yake mizito, na Sultani nyuma yao ameshika kilemba, na baraza zima nyuma ya Sultani. Mlio ukasikika bustanini. Waliofika wakalikuta lile dume limelala kati ya miwa na muwa ungali mdomoni, na wenziwe wanakimbilia porini, na hakuna mtu aliyeguswa ila Mbwarali, aliyeangushwa chali na kishindo cha baruti ya Ngwali.

Sultani akamtazama pale chini, akaanza kucheka, akacheka hata akakaa juu ya tuta. Alipopata pumzi akasema, “Inuka, ewe mwalimu wa bunduki. Waandishi na wasikie amri yangu. Kila bunduki katika nchi hii irudi, lakini irudi hivi: bunduki nyumba moja, baruti nyumba nyingine, na risasi nyumba ya tatu. Na wenye nyumba hizo wasiwe ndugu wala marafiki. Na wa kutunza risasi na awe mtu aliyewahi kumzika mtu.”

Watu wakaitikia, wakulima na wafiwa pamoja, ingawa wako walionung'unika huku na walionung'unika kule.

Mbwarali akiwa bado anajipangusa vumbi akauliza, “Maulana, umesema kila bunduki?”

“Nimesema kila bunduki.”

“Basi na zako, Maulana, na za askari wako. Baruti yake aitunze nani?”

Waziri akashtuka, akasema, “Mjinga wewe, amri haikuwa na maana hiyo.”

“Maana siijui, Bwana Waziri. Mimi nayajua maneno tu, na neno lilikuwa *kila*.”

Sultani akamtazama Waziri, akamtazama Mbwarali, kisha akawatazama watu wote waliokuwa wamesimama katika miwa yake wakingoja. Aliona kuwa amekwisha kufungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Akasema, “Baruti ya ngome aitunze Ngwali, kwani leo nimejua kuwa hasira yake ina mwisho. Na risasi zote za ngome zipelekwe kwa Bi Mwanashuru.” Na Mbwarali akapewa shamba la katikati ya mji, mbali na pori, na mbegu za kulipanda, na joho la kuvaa Ijumaa.

Husimuliwa kwamba mwaka mmoja baadaye Sultani wa mji jirani alimtumia Haidari salamu zenye dharau, naye Haidari akaazimia vita. Akaenda mwenyewe uani kwa Bi Mwanashuru kuzitaka risasi. Akakaribishwa mkekani, akapewa kahawa, akaulizwa anazitakia nini. Akaeleza. Yule mama akasema hakusikia vizuri, masikio yake yamezeeka, amweleze tena. Akaeleza tena, na kila alipoeleza sababu yake ikazidi kuwa ndogo, hata mwishowe akajikuta anamweleza habari za bei ya nazi. Akamaliza kahawa yake, akamshukuru mama, akavaa viatu vyake akaenda zake, na vita ile haijapiganwa mpaka leo. Nami niliyeisimulia nimefika, mwenye la kuongeza na aliongeze kwake.