Pikapu Iliyopona Ghafla

Hii nimeipata asubuhi na nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Soma hadi chini, kisha mpe na mwenzako.

Mfugaji mmoja, Ambakisye, alikuwa na ng'ombe wa maziwa aitwaye Maridadi, fahari ya kijiji kizima. Siku ya maonyesho ya wakulima ikawadia. Mshindi angepewa dume la mbegu bora, na Ambakisye alikuwa ameshawaahidi majirani kwamba dume hilo litapanda ng'ombe wao bure. Vigelegele vya kumsindikiza siku hiyo, acha tu!

Akampakia Maridadi kwenye pikapu, mkewe Tusajigwe akakaa mbele, safari ikaanza. Kilima cha kwanza tu, gari likaishiwa nguvu. Anakanyaga mafuta, gari linakohoa.

Ambakisye hakuhitaji kuambiwa. Filta ya dizeli, lile chujio la karatasi linalozuia uchafu usiingie kwenye injini, ilikuwa imeziba. Tangu masika alikuwa akisema ataibadilisha kesho.

"Turudi dukani tukanunue mpya, Baba Gwakisa," mkewe akasema. "Si mbali."

"Turudi? Majaji hawamsubiri mtu, Mama Gwakisa!"

Kando ya barabara palikuwa na mziba pancha. Ambakisye akaichomoa filta, akampelekea aipulize kwa mashine ya kujazia matairi.

"Weka upepo wote, ndugu yangu! Usiuonee huruma!"

Upepo ukavuma, matone meusi yakamrukia Ambakisye mpaka kwenye shati. Filta ikarudishwa mahali pake, gari likawashwa.

Lo! Pikapu ilichomoka kama imetoka kiwandani jana. Kilima cha pili hawakukisikia. Ambakisye akaimba kwa sauti, akampigia honi kila aliyemwona, hata mbuzi.

"Unaona mwenyewe! Kumbe watu wanatupa hela zao kununua filta mpya!"

Hata Tusajigwe, aliyekuwa amenuna, akaanza kupiga makofi. Dume waliliona kabisa liko zizini kwao.

Walipoanza kuziona bendera za uwanjani, injini ikatetemeka, ikatoa moshi, ikazima. Ambakisye akawasha. Wapi! Akawasha tena. Kipaza sauti kilikuwa kinawaita wenye ng'ombe wa maziwa waingie.

Akaifungua filta mbiombio, akiwa na hakika imeziba upya. Haikuwa imeziba. Karatasi yake ilikuwa na tundu la kupita kidole. Ule upepo haukuizibua filta, uliitoboa.

Tusajigwe akachungulia.

"Sasa ule uchafu uliokuwa umejaa humu, Baba Gwakisa, umekwenda wapi?"

Ambakisye akaitazama injini. Kumbe muda wote aliokuwa akiimba, uchafu ulikuwa unapita pale kwenye tundu na kuingia ndani.

Wakamshusha Maridadi, wakakimbia naye kwa miguu. Walipofika langoni, shangwe zilikuwa zimelipuka. Dume lilikuwa linakabidhiwa kwa mtu mwingine, na majaji walikuwa wanakusanya viti.

Ambakisye alisimama pale na kamba mkononi, akiwafikiria majirani wanaomsubiri.

Funzo: Tatizo likiondoka bila kutatuliwa, usishangilie. Uliza kwanza limehamia wapi.