Kiboko Mwenye Nyumba Nyingi

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Pakawa kiwanja, nyumba bado."

Basi palikuwa na Nguchiro. Msimwite kicheche, kicheche ni mwingine, na huyo hunuka. Nguchiro aliishi na mkewe na watoto wao ndani ya kichuguu kando ya mto. Kiboko akakitamani kichuguu kile. Mto mzima ulikuwa wake, akataka na ukingo ajenge nyumba.

Akamwita Mnana, ndege fundi wa kuchora ramani za nyumba. Mnana akatazama upepo unakotoka, akatazama jua linakotua, akachora kiangazi karibu chote. Akaleta ramani moja.

"Nguchiro, hama na vitoto vyako," Kiboko akasema. "Kesho nabomoa."

Mila ya wanyama ilikuwa hivi: mwenye nguvu hujenga apendapo, ila habomoi kabla hajachagua ramani, na masika yakianza, hakuna kuchimba msingi. Nguchiro akatazama mbingu. Mawingu yalikuwa mbali. Akanyatia kambi ya wapima ardhi, nyatu, nyatu, nyatu, akaiba mashine ya akili mnemba, ile ichorayo nyumba kwa kuambiwa tu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umehama?"

"Tumo njiani, Mzee. Ila nasikia umeletewa ramani moja. Tumbo lote hilo, ramani moja? Hebu iambie hii unachotaka."

Kiboko akasema, "Nataka ghorofa."

Krr, krr, pwa! Ikatoka ghorofa.

"Nzuri. Nachukua hii."

"Chukua, Mzee. Lakini inayofuata utaiacha hujaiona?"

Kiboko akasema, "Nataka na roshani."

Krr, krr, pwa! Ikatoka ghorofa yenye roshani.

"Nzuri. Nachukua hii."

"Chukua, Mzee. Lakini inayofuata utaiacha hujaiona?"

Kiboko akasema, "Nataka na nguzo."

Krr, krr, pwa! Zikatoka nguzo, na ngazi iliyopanda, ikapanda, ikaishia hewani.

"Ngazi hii yaenda wapi?"

"Ndiyo mitindo ya sasa, Mzee. Washamba ndio wanaouliza."

Kiboko akaona haya kuuliza tena. Akataka kuba. Akataka madirisha ya duara. Siku zikapita. Krr, krr, pwa! Krr, krr, pwa! Ngurumo ikapiga, hakuisikia. Mvua ikamwagika mgongoni mwake, hakuinua kichwa.

Mnana akaja, amelowa. "Masika hayo, Mzee. Umechagua?"

"Wewe na ramani yako moja, hujui kuchagua ni kazi," Kiboko akamjibu. "Ngoja kidogo. Inayofuata ndiyo yenyewe."

Nguchiro akamwachia mashine, akaingia kwake kulala na wanawe.

Hapo ngano nimeiezeka, atakayevujiwa asinilaumu. Na funzo lake, wajukuu wangu, ni hili: fanyeni bidii kama Kiboko. Katika wanyama wote, hakuna aliyepata nyumba nyingi kama yeye.