Puli ya Bi Sekela na Ndama wa Mzee Ambakisye

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana neno nitakalowasimulia limewashinda watu wa Tukuyu, na mwisho wake nitauacha mikononi mwenu.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Lugano, mwalimu wa kwaya, alijaliwa sikio. Kwaya nzima iimbe kwa pamoja, atamtaja kwa jina aliyeteleza. Gwakisa, fundi wa gereji ya karibu na soko, alijaliwa mikono. Nati aliyoikaza yeye haikulegea. Bi Sekela, mjane wa dereva, alijaliwa moyo. Ukimwomba alichonacho atakupa, hata kama baadaye atalia peke yake jikoni.

Lakini aliyepatwa na jambo lenyewe ni mtu wa nne, Mzee Ambakisye. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wamehamia mbali, na siku zilipita bila yeye kusikia sauti ya mtu mwingine ndani ya nyumba ile. Alikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake jike, mwekundu, mwenye doa jeupe begani. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda zizini kumsalimia ndama yule, akamweleza alivyolala na mvua ilivyonyesha. Ndama alimlamba mkono. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku.

Basi siku moja simu ikaita. Alikuwa Subilaga, dada yake mdogo aliyebaki peke yake kule Kyela. Alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga.

"Kaka, njoo unichukue," alisema. "Hapa hata wa kuniletea maji hakuna."

"Nakuja," akasema Ambakisye.

Kusema ni rahisi. Subilaga asingeweza kukaa kwenye basi. Alihitaji kulazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gari Ambakisye alikuwa nalo, lakini lilikuwa kuukuu, na kila alipoliwasha lilipiga yowe kama nguruwe aliyekamatwa mguu. Gwakisa alikwisha kulibadilishia mkanda wa mbele ya injini. Likanyamaza kidogo, kisha likaanza tena. Akaweka mkanda mwingine, akaukaza zaidi. Yowe likarudi vilevile.

"Mzee, sikudanganyi," Gwakisa alimwambia. "Huu mkanda ukikatika mlimani, betri haichajiwi, feni haizunguki, injini itachemka. Utabaki barabarani na mgonjwa wako."

Jumapili, baada ya ibada, Ambakisye alisimama mbele ya watu. Alisema, "Atakayeniponyea gari langu nikamlete dada yangu, ndama wangu ni wake."

Watu wote walijua ndama yule alikuwa nani kwake.

Wa kwanza kuja alikuwa Lugano. Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, manyunyu yakimwangukia, akafumba macho.

"Baba, hapa kuna sauti mbili," alisema. "Ya juu mnaisikia wote. Chini yake kuna nyingine inayokwaruza, kama mtu anayesaga ulezi kwenye jiwe. Hiyo ndiyo inayoanza. Ya juu inaifuata."

"Mimi naisikia moja tu," akasema Gwakisa, aliyeitwa kuliwasha gari.

"Zima, kisha uwashe. Usisikilize yowe. Sikiliza kabla ya yowe."

Gwakisa akazima, akawasha, akainama. Akanyanyua kichwa taratibu. "Kweli. Ipo."

Hapo ikawa zamu yake. Alimwagia mkanda maji kidogo: yowe likakatika, kisha likarudi. Mkanda wenyewe ulikuwa mzima. Kuna kitu kilikuwa kikiuonea. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake penye kila puli inayozungushwa na mkanda ule na mpini sikioni, kama daktari apimaye kifua. Alirudia, akabadilisha mkao, nguo zikamlowa. Alipofika kwenye puli ndogo inayokaza mkanda, uso ulimbadilika. Akazima injini, akavua mkanda, akaizungusha puli ile kwa kidole. Ilikwaruza, ikayumba.

"Beringi yake imekufa," alisema. "Puli imelala upande, inauburuta mkanda. Tungebadilisha mikanda mpaka tuzeeke."

Tatizo lilijulikana, dawa yake haikuwepo. Puli ya gari la zamani vile haikupatikana Tukuyu, wala Mbeya. Gari jingine la aina ile lilikuwa moja tu, la marehemu mume wa Bi Sekela, lililoegeshwa kwenye migomba nyuma ya nyumba yake. Kila Jumapili mama yule aliingia humo, akaliwasha, akakaa kimya akiusikiliza muungurumo ambao zamani ulimwambia kuwa mumewe amerudi. Ambakisye alilijua hilo. Hakuwa na mdomo wa kuomba.

Bi Sekela alisikia habari hizo sokoni, akaja mwenyewe na mwavuli wake. "Shemeji, mbona hukuniambia? Njooni na spana."

Gwakisa alipokuwa akifungua, mama yule alitazama pembeni, kwenye mibuni.

"Halitawaka tena, eti?"

"Halitawaka vizuri, mama."

"Haya. Maliza."

Puli ilipokwisha kufungwa kwenye gari lake, Ambakisye aliteremka Kyela, akamlaza dada yake kwenye kiti cha nyuma, wakaupanda mlima katika ukungu. Gari halikulia hata mara moja. Subilaga alilala njia nzima, na kaka yake, aliposikia pumzi za mtu mwingine nyuma yake, machozi yalimtoka, akawa anaendesha huku akijifuta.

Walipofika, wale watatu walikuja kuulizia ahadi.

"Bila sikio langu," alisema Lugano, "mngekuwa bado mnanunua mikanda."

"Sikio halifungui nati," akasema Gwakisa. "Nani alijua ni puli ipi? Nani aliifunga?"

Bi Sekela akasema, "Lugano, sikio lako bado unalo, nawe Gwakisa, mikono yako unayo. Mimi nilichotoa hakirudi."

"Na bila sisi, mama," akajibu Gwakisa, "puli yako ingeozea migombani."

Ambakisye aliwaomba wangoje. Hawakugombana, walizoea kupita jioni kumwangalia ndama, wakakaribishwa chai, wakamsalimia mgonjwa, wakacheka. Uani kukawa na watu. Naye mzee kila siku alisema, "Nitaamua kesho," akijua moyoni kwamba atakayempata ndama ataondoka naye, na wale wawili huenda wasirudi.

"Kaka," Subilaga alimwambia, "ulisema mbele ya watu. Ndama anakua. Toa."

Sasa mzee amesimama mlangoni mwa zizi, kamba mkononi. Watatu wanamtazama, na ndama anamlamba vidole. Yupo aliyesikia, yupo aliyegundua na kutengeneza, yupo aliyetoa. Ninyi mlionisikiliza, ingekuwa ninyi mmeshika ile kamba, mngemkabidhi nani?